Utonalisti: ile michoro ya ukungu na giza, shida sio macho yako wala skrini yako

Siku hizi ukiingia kwenye zile programu za akili bandia za kutengeneza picha ukaandika kwamba unataka mandhari ya kitonalisti, utaletewa kitu kile kile kila mara, ukungu, miti miwili mitatu imesimama kwenye dimbwi, anga la kahawia, basi. Watu wanaziprinti wanatundika sebuleni, wengine wameziweka kwenye TV zikae pale wakati hawaangalii kitu, alafu mgeni akija anauliza hii picha mbona imefifia hivi, ilipigwa na jua nini, na mwenye nyumba hana jibu zaidi ya kusema ndo staili yake. Wengine wanasema ni Monet, yule mchoraji Mfaransa. Wengine wanasema ni picha za huzuni. Na wapo wanaosema mtu yeyote anaweza kuchora vile, unamwaga rangi ya udongo unapitisha kitambaa, umemaliza.

Hapana jamani. Twende taratibu, maana hii kitu ina watu wake, ina historia yake, na ina ufundi mgumu kuliko inavyoonekana.

Tuanze na toni yenyewe. Chukua rangi yoyote, tuseme bluu. Kuna bluu iliyo karibu na nyeupe na kuna bluu iliyo karibu na nyeusi, na katikati kuna ngazi nyingi tu. Ile ngazi ya kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye giza ndo wachoraji wanaiita toni. Mtonalisti basi ni mchoraji ambaye kazi yake kubwa ni hizo ngazi, anazisogeza zikaribiane, hakuna kitu cheupe sana wala cheusi sana, alafu picha nzima anaiweka chini ya rangi moja inayotawala, iwe kijivu, kahawia, bluu ya usiku au kijani iliyochoka, na kingo za vitu anazilainisha mpaka huwezi kusema mti umeishia wapi na hewa imeanzia wapi. Mara nyingi ni mandhari, alfajiri au magharibi, mbalamwezi, theluji, mwisho wa mwaka majani yameshakauka. Watu ni wachache au hawapo kabisa.

Fikiria samaki wa nazi. Una samaki, una bamia, una nyanya, kila kimoja kilikuja jikoni na rangi yake na ladha yake, lakini tui likishachemka likakolea hakuna kinachobaki peke yake, vyote vimeingia kwenye kitu kimoja na ukionja huonji nyanya, unaonja mchuzi. Ukiona kipande kimoja kinang'aa peke yake kwenye sufuria ujue bado. Mchoro wa kitonalisti ndo uko hivyo, mti na maji na mbingu vyote vimekolea hewa moja, na kinachokufikia kwanza ni hiyo hewa kabla hujajua umeona mti au nyumba.

Hii ilitokea Marekani, kuanzia kama 1880 hivi mpaka kwenye 1915. Hawakuwa chama, hakuna aliyekaa chini akaandika ilani ya utonalisti akasaini. Wahakiki ndo walianza kulitumia hilo neno miaka ya mwisho ya 1890, na kufikia hapo George Inness, ambaye leo karibu kila mtu anamhesabu kama baba wa staili hii, alikuwa ameshafariki tangu 1894. Kwa hiyo ukisikia mtu anabishana kwamba fulani alikuwa mtonalisti halisi na fulani hakuwa, jua anabishana kuhusu jina ambalo wengi wao walibandikwa baadaye.

Sasa ile ya Monet. Mkanganyiko huu nauelewa, maana waimpreshenisti wa Ufaransa, yaani Monet na wenzake, nao wana ukungu, nao wana kingo laini, na miaka yenyewe imepishana kidogo tu. Lakini kuna jaribio dogo unaweza kulifanya na simu sasa hivi. Tafuta ile picha ya Monet ya jua linachomoza bandarini Le Havre, ya 1872, ile iliyokuja kuwapa waimpreshenisti jina lao, uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Lile jua la chungwa ambalo ndo moyo wa picha linapotea karibu lote, kwa sababu toni yake ni sawa na ya anga lililolizunguka, kilichokuwa kinalitofautisha ni rangi peke yake. Alafu chukua mchoro wa Inness au wa Dwight Tryon, mtonalisti mwingine wa Marekani, uufanyie vile vile. Picha inabaki imesimama, hali yake ni ile ile, maana haikujengwa kwa rangi kupigana na rangi, ilijengwa kwa mwanga na giza. Mwimpreshenisti anakuwekea chungwa kando ya bluu ili jicho lako lichemke, mtonalisti anafanya kila awezalo jicho lako litulie. Na mwimpreshenisti yuko nje juani na turubai lake anakimbizana na dakika, wakati mtonalisti mara nyingi yuko ndani ya studio anachora anachokikumbuka. Tryon kwa mfano majira ya joto alikuwa kijijini South Dartmouth, Massachusetts, anaangalia mashamba na bahari, alafu baridi ikiingia yuko New York ndo anachora yale mashamba, miezi imepita, na kilichobaki kichwani ndo kilichokuwa na thamani. Mistari yake mingi imelala, uwanja, safu ya miti myembamba, anga, na ndani ya hayo matatu tu alifanya kazi maisha yake karibu yote.

Ili uelewe kwa nini jambo hili lilikuwa jipya inabidi uone walichokikuta. Kabla yao Marekani ilikuwa inapenda mandhari makubwa ya kushangaza. Frederic Church mwaka 1859 alionyesha mchoro wake wa milima ya Andes, upana wake ni kama mita 3, kila jani limechorwa, kila ndege, milima ya theluji kwa nyuma, na watu wa New York walilipa kiingilio wakapanga foleni kuuona. Nchi ilikuwa kijana, inajiona ina kila kitu. Alafu 1861 mpaka 1865 wakapigana wenyewe kwa wenyewe, wakafa watu zaidi ya laki 6, na vita vilipoisha viwanda na reli vikachukua kila bonde. Mimi naona ndo maana ile sauti ya kupiga kelele ilichosha, japo sio sababu pekee, kwa sababu vijana wengi pia walienda Ufaransa wakakutana na kazi za mchoraji Corot na wenzake wa kijiji cha Barbizon, pembeni ya msitu wa Fontainebleau, waliokuwa wanachora vijito na ng'ombe na jioni za kijivu bila kutafuta maajabu yoyote.

Inness mwenyewe ndo mfano mzuri wa safari hiyo. Kwenye 1855 hivi alichora bonde la Lackawanna kwa ajili ya kampuni ya reli, picha iko National Gallery of Art kule Washington, mwanga wa mchana kweupe, treni inakuja na moshi wake, visiki vya miti vimejaa mbele, kila kitu unaweza kukihesabu. Nenda miaka karibu 40 mbele uangalie mchoro wake wa 1893 wa makazi ya korongo, yule ndege wa miguu mirefu, uko Art Institute of Chicago. Kinamasi. Vigogo vyembamba vimesimama wima kama vivuli, na nyuma yake jioni ya rangi ya chungwa iliyoiva inapita katikati ya matawi kama vile inatoka ndani ya turubai lenyewe, na korongo wa kwenye jina yuko pale chini, mdogo, unaweza kuuangalia mchoro muda mrefu bila kumwona. Ni mtu yule yule. Alikuwa mfuasi wa mafundisho ya Swedenborg, mwanateolojia wa Uswidi, aliamini ulimwengu unaoonekana umeshikana na ule wa roho, kwa hiyo kwake kulainisha kingo za mti haikuwa urembo, alikuwa anachora anachokiamini. Na alikuwa msumbufu, mchoro umeshakauka anaurudia anapaka juu, anabadilisha asubuhi inakuwa jioni.

Kuhusu ile hoja kwamba ni kazi rahisi, hiyo ilishafika mahakamani, na namaanisha mahakamani kweli. James McNeill Whistler, Mmarekani aliyezaliwa Lowell, Massachusetts, 1834, lakini akaishi sana London, ndo alikuwa anauchora mto Thames usiku na kuziita picha zake noktani, jina la muziki wa usiku ambalo alipewa wazo na tajiri wa meli aliyekuwa ananunua kazi zake, Frederick Leyland. Mwaka 1877 alionyesha mojawapo, fataki zinaanguka usiku juu ya bustani za Cremorne, nyeusi na vidoa vya dhahabu, bei yake gini 200, pesa ya Uingereza ya wakati ule. John Ruskin, ambaye alikuwa mhakiki mkubwa kuliko wote Uingereza, akaandika kwamba hakutegemea kusikia mtu anadai gini 200 kwa kuurushia umma kopo la rangi usoni. Whistler akamshtaki. Kesi ikasikilizwa Novemba 1878, na wakili wa Ruskin akamuuliza picha ile ilikuchukua muda gani, akasema kama siku 2. Kwa hiyo kwa kazi ya siku 2 ndo unadai gini 200? Akajibu hapana, nadai kwa ujuzi nilioupata katika kazi ya maisha yangu yote.

Alishinda, lakini fidia aliyopewa ilikuwa farthing 1, robo ya peni, na gharama za kesi akabeba za kwake mwenyewe, mwaka uliofuata akafilisika. Ile picha leo iko Detroit Institute of Arts.

Na huo ujuzi wa maisha aliousema uko hivi. Usiku alikuwa anatoka na mtumbwi, wanaopiga kasia ni ndugu wawili wa akina Greaves, watoto wa mwenye boti wa Chelsea ambaye zamani alikuwa akimvusha Turner, mchoraji maarufu wa Uingereza. Anaangalia mto. Alafu anaupa mgongo, anaanza kumwelezea mwenzake alichokiona, daraja liko wapi, taa ngapi, maji yana weusi gani pale na pale, na akikosea anageuka anaangalia tena, anageuka anaanza upya mpaka aseme bila kukosea. Kesho yake ndo anachora. Rangi aliipunguza kwa mafuta na tapentaini mpaka ikawa inatiririka, mwenyewe aliiita mchuzi, na wakati mwingine ilibidi turubai lilazwe chini la sivyo rangi yote ingekimbilia sakafuni. Mpako mmoja mrefu wa brashi kutoka upande mpaka upande, hiyo ndo anga, na ukikosea huwezi kurekebisha kipande, unafuta yote.

Angalia ile ya daraja la zamani la Battersea, iko jumba la sanaa la Tate, London. Ni ndogo, kama sentimeta 68 kwa 51. Bluu ya kijani kila mahali. Nguzo moja ya daraja imesimama katikati, amelirefusha kuliko lilivyokuwa, huku juu vivuli vya watu vinapita, chini mtu mmoja amesimama kwenye boti, na kwa mbali upande wa kulia vidoa vichache vya dhahabu, fataki, vinaanguka. Vile vidoa ukiviziba kwa kidole ile bluu inakufa, inageuka ukuta tu. Ukivitoa kidole usiku unarudi. Hapo ndo utaona kwamba toni zikishakaribiana sana, kitu kidogo sana kinaweza kubeba picha nzima, na kukiweka sentimeta 2 pembeni kungeiharibu. Mahakamani waliuliza wale walioko juu ya daraja ni watu? Kwa maelezo yake mwenyewe Whistler alijibu ni chochote unachopenda kiwe.

Ila sio wote walichora kwa mchuzi mwepesi. Wengine, Inness akiwemo, walienda kinyume, tabaka juu ya tabaka. Unaanza kwa kulipaka turubai lote rangi ya joto, kahawia au nyekundu ya udongo, alafu juu yake unapitisha rangi nyembamba iliyochanganywa na mafuta na vanishi, inayopitisha mwanga, inakauka, unapitisha nyingine. Mwanga unaingia kwenye hizo tabaka unagonga chini unarudi, ndo maana jioni zao zinaonekana kama zinawaka kwa ndani, na hii kitu printi ya bei rahisi haiwezi kukupa hata siku moja.

Hapa pia ndo tujibu ile ya giza. Kuna ukweli kidogo. Vanishi ya zamani inageuka njano ikizeeka, na Albert Pinkham Ryder, ambaye huwa anatajwa karibu na hili kundi, alikuwa anapaka rangi juu ya rangi ambayo haijakauka na kuchanganya na lami, matokeo yake michoro yake mingi imepasuka na imekuwa myeusi kuliko alivyotaka. Lakini kwa wengi giza lile lilikuwa pale siku ya kwanza, kwa makusudi. Na sio giza kila wakati. John Twachtman 1885 alichora mto wa Arques-la-Bataille, Normandy, uko Metropolitan Museum New York, ni mkubwa karibu mita 2 upana, kijivu cha kijani chepesi, mafunjo machache mbele, maji, kilima, na hakuna giza lolote pale ni asubuhi ya mawingu tu. Huzuni pia haimo, kuna utulivu, na utulivu na huzuni sio ndugu japo watu wanavichanganya kila siku.

Kuna mmoja lazima nimtaje kwa kirefu maana kwenye orodha nyingi anarukwa. Edward Mitchell Bannister, mtu mweusi, alizaliwa New Brunswick, Canada, akaenda Boston akawa kinyozi, akaoa mwanamke mfanyabiashara mwenye saluni zake, Christiana Carteaux, ambaye kipato chake ndo kilimpa mumewe nafasi ya kuchora. Mwaka 1867 gazeti moja la New York liliandika kwamba mtu mweusi anaonekana ana mapenzi na sanaa ila hawezi kuizalisha, na yeye akalichukua lile kama deni la kulipa. Mwaka 1876, maonyesho makubwa ya Philadelphia ya miaka 100 ya Marekani, mchoro wake wa miti ya mwaloni ukapata medali ya kwanza. Alipoenda kuulizia matokeo wakamdharau, hawakujua ndo mwenyewe, na walipojua wakataka kuyafikiria upya, wachoraji wenzake wakakataa, medali ikabaki kwake. Mchoro wenyewe leo haujulikani uko wapi, na hilo linaniuma kweli. Lakini ya kwake mingine ipo makumbusho ya Smithsonian kule Washington na kule Providence, Rhode Island, ambako 1880 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa klabu ya wasanii ambayo mpaka leo ipo. Malisho, mawingu mazito, mtu mmoja mdogo anatembea kabla mvua haijashuka. Kwa hiyo anayesema hii ni sanaa ya wazungu waliokuwa na muda mwingi, mwambieni.

Kitu kingine cha kutenganisha haraka, ukikuta Max Meldrum na Clarice Beckett wa Melbourne nao wanaitwa watonalisti, hao ni Australia, miaka ya 1910 kuendelea, nadharia yao ni ya Meldrum mwenyewe, inahusu kupanga toni kwa usahihi jinsi jicho linavyozipokea. Beckett ni mchoraji mzuri sana mtafuteni, lakini sio tawi la Inness.

Staili hii ilikufaje? Henry Ward Ranger, mtonalisti, alifika Old Lyme, Connecticut, 1899, akakaa kwenye nyumba ya wageni ya Florence Griswold, akataka pawe Barbizon ya Marekani, na wachoraji wakaja kweli. Lakini 1903 akaja Childe Hassam, mwimpreshenisti, na rangi zake za jua, na ndani ya muda mfupi kijiji kizima kikabadilika, Ranger akahamia Noank. Alafu 1913 yakaja maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Armory New York, watu wakaona kazi za Matisse na Duchamp, na baada ya hapo ukungu wa jioni ukaonekana kitu cha mababu. Kilichosaidia ni kwamba Charles Lang Freer, tajiri wa mabehewa ya reli wa Detroit, alikuwa amenunua kazi za Whistler na Tryon na mtonalisti Thomas Dewing kwa wingi akaipa serikali, jumba lake likafunguliwa Washington 1923, na 1972 San Francisco wakafanya maonyesho yaliyowarudisha hawa watu kwenye mazungumzo. Upande wa kamera nako haikufa, Edward Steichen, ambaye alianza pia kama mchoraji wa namna hii, 1904 alipiga picha ya bwawa na mbalamwezi ambayo nakala yake moja iliuzwa 2006 kwa zaidi ya dola milioni 2.9.

Ukitaka kuziona bila nauli, tovuti za National Gallery of Art, Metropolitan na Art Institute of Chicago zinakuruhusu kupakua nyingi bure kwa ukubwa kamili. Usiangalie kwenye simu. Fungua kwenye kompyuta, zima ile setingi inayoongeza rangi zing'ae maana hiyo inaua kila kitu walichokifanya, zima taa ya chumbani, ongeza mwanga wa skrini kidogo, alafu anza na korongo wa Inness na umpe dakika kadhaa kabla hujasema chochote.